Sare za Haraka

Nimeacha kazi nikiwa na macho mawili yanayoona na vidole vyote kumi. Kwa fundi wa nguo hiyo ni heshima tosha. Ninyi mnaobaki pale dukani Rosettenville mliniambia niandike, mkasema, Mzee Asukulu, unaongea sana, weka kwenye karatasi tuone kama utaongea vilevile. Haya. Shule yangu iliishia darasa la tatu, kule Baraka ya Kongo, kando ya ziwa, mwalimu alipokimbia vita na hesabu ikabaki ubaoni bila jibu. Mengine yote nimejifundisha mwenyewe na sioni aibu. Atakayekuta koma mahali pabaya aichomoe kama anavyochomoa pini.

Niliingia Johannesburg mwanzoni mwa 2008, mtu mzima mwenye mvi. Wengi wetu hufika mji huu wakitafuta kazi yoyote. Mimi nilitafuta cherehani. Nilitembea barabara kuu ya Rosettenville nikipita duka la samaki la Mreno, nikisikiliza, kwa sababu cherehani unaisikia kabla ya kuiona. Nikaisikia juu ya kinyozi, nikapanda ngazi.

Ndani alikuwa mama mmoja mnene, Msotho, miwani yake imefungwa kwa kamba ya kiatu. Jina lake Dineo. Alikuwa ameshona kiwandani miaka mingi mpaka nguo za kutoka nje zikakiua kiwanda, naye akaanzisha duka lake. Hakujua Kiswahili, mimi sikujua Kisotho, na Kiingereza chetu sote wawili kilikuwa cha kuombea maji. Maneno yetu humu nayaandika yakiwa yamenyooka kuliko tulivyoyasema. Alinitupia koti la mwanamume akanionyesha kwamba mikono ni mirefu. Nikaifungua begani, si chini, kwa sababu chini kuna vifungo na matundu yake, na ukikata hapo umeua koti. Aliangalia mpaka mwisho, kisha akaniletea chai. Hiyo ndiyo iliyokuwa ajira yangu.

Kwetu mama haitwi jina lake, anaitwa kwa mtoto. Nilipojua ana binti mmoja, Palesa, nikaanza kumwita Mama Palesa.

“Palesa hayupo hapa,” aliniambia siku za kwanza.

“Sikumwita Palesa. Nimekuita wewe.”

Alipoelewa alicheka mpaka akavua miwani. Yeye aliniita Ntate, yaani baba, ingawa umri wetu ulikuwa mmoja.

Jambo la kwanza alilonifundisha halikuwa la sindano. Alikuja mwalimu wa shule, sketi imembana. Nikampima, nikamwambia kwa furaha kubwa, “Mama, umenenepa, hongera.” Kule kwetu hiyo ni sifa ya ndoa njema. Yule mwalimu alichukua sketi yake akashuka ngazi.

Mama Palesa aliniangalia juu ya miwani. “Ntate, hapa mtu hanenepi. Hapa sketi imerudi kwenye maji.”

Tangu siku ile sijaona mtu aliyenenepa Johannesburg. Nimeona sketi zilizorudi kwenye maji tu. Shikeni hilo, lina faida kuliko mashine mpya.

Jambo la pili tulibishania mpaka naondoka. Yeye mtu wa kiwanda, aliacha upindo mwembamba ndani ya mshono. Mimi naacha akiba ya vidole viwili, kwa sababu mwenye nguo atajaa, au atapungua, au atampa mdogo wake. “Unapoteza kitambaa,” alisema. “Hakijapotea, kimejificha,” nilisema. Nguo zake zilikaa vizuri zaidi mwilini. Zangu zilirudi kuongezwa miaka mitatu baadaye, mwenyewe bado anazivaa. Amueni wenyewe.

Mwezi wa tano mwaka uleule watu wakaanza kufukuza wageni mjini. Vikundi vilipita mitaani vikikuonyesha kiwiko na kukuuliza kinaitwaje kwa Kizulu, na asiyejua alipigwa. Mama Palesa alivuta pazia akaniweka nyuma, akawaambia waliokuja kuchungulia, “Huyu ni kaka yangu, bubu tangu kuzaliwa.” Nikawa bubu. Mimi, na mdomo huu. Wateja walinionyesha kwa mikono nami nikaitikia kwa kichwa, na mzee mmoja wa hapo chini akaniletea machungwa kwa huruma. Siku nilipopona, yule mzee hakunisamehe.

Mambo yalipotulia nilimuuliza Mama Palesa kama nchi aliyokuwa akinisifia ndiyo hii.

“Eish, Ntate,” alisema, kichwa bado kwenye kazi. “Mtoto anayejifunza kutembea huanguka. Lakini anaenda mbele.”

Hiyo ndiyo ilikuwa imani yake. Jumapili alikwenda kanisani, lakini siku nyingine zote aliiamini nchi. Alikuwa na nyumba ya vyumba viwili Turffontein, karibu na uwanja wa mbio za farasi. Zamani mama yake alifagia nyumba za mtaa ule, na jua likizama ilibidi awe ameshatoka. Sasa binti wa yule mfagiaji alikuwa na funguo. “Nionyeshe nchi nyingine iliyosogea hivyo,” alinidai, na mimi sikuwa nayo mfukoni. Na ushahidi wake mkubwa kuliko nyumba ulikuwa Palesa mwenyewe, muuguzi wa jeshi. Jeshi hilo zamani liliwafukuza wajomba zake mitaani kwa mbwa. Sasa askari wa cheo cha chini walimpigia saluti mtoto wa mshonaji.

Sikumcheka. Mtu aliyetoka nilikotoka hana haki ya kumcheka mwenye nchi inayoweka roboti, yaani taa za kuongoza magari, kwenye kila njia panda, hata kama nusu yake hazifanyi kazi.

Miaka ikaenda hivyo. Tukashona harusi, tukashona sare za shule, tukarudisha zipu za suruali za nusu ya Rosettenville. Ikafika 2013 na redio ya dukani ikaanza kuzungumza habari za kwetu. Mashariki ya Kongo kulikuwa kumewaka tena, na nchi hii ilikuwa inapeleka askari wake pamoja na wa nchi nyingine, safari hii kupigana, si kulinda tu.

Serikali kusema ndiyo hakukunishangaza. Walionishangaza ni wapinzani wake. Watu hawa nilikuwa nimewasikia miaka mitano wakibishana juu ya kila kitu: umeme, vyoo, vitabu vya shule. Siku ile akazungumza wa serikali, akaja wa upinzani, nikaweka mkasi chini ningoje ugomvi. Wapi. Tofauti yao ilikuwa moja tu. Huyu alisema askari wapewe silaha, yule akasema wapewe silaha nzuri zaidi.

“Unasikia, Ntate?” Mama Palesa alisema. Alikuwa anang’aa. “Nchi imekua. Tumejifunza amani, sasa tunamsaidia jirani. Hata hawa wamekubaliana.”

“Wangeanza kukubaliana kwenye vyoo.”

“Wewe hutaki kwenu kupone?”

“Nataka. Lakini Baraka nimeona majeshi manne yakija kutuokoa. La kwanza lilituokoa na serikali, la pili likatuokoa na la kwanza. Yote yalipenda mbuzi.”

“Hao hawakuwa sisi.”

“Hapana. Ninyi mtaleta nyama yenu.”

Wakongo wenzangu walikuwa upande wake, nisiwafiche. Mama Furaha, mkubwa wa kikundi cha akina mama katika kanisa letu pale Turffontein, alipanda ngazi kuja kuniambia nimezeeka vibaya. “Acha waende wawapige, Mzee. Sisi tumepigwa vya kutosha.” Alikuwa amepoteza kaka zake wawili kule. Mwenye kaburi ana haki ya kusema.

Kisha siku moja Palesa mwenyewe akaingia na suruali mbili za jeshi za kupunguzwa kiuno. Msichana mrefu, sauti ya chini, mwenye kucheka kwa pua.

“Nifanyie haraka, Ntate. Naenda kwenu.”

Mama yake alipiga makofi. Mimi nilitafuta chaki niliyokuwa nimeishika mkononi.

Akaniomba nimfundishe Kiswahili. Wiki zile alikuja kila alipopata nafasi, akakaa juu ya meza ya kukatia, jambo ambalo ninyi nisingewaruhusu. Nilimfundisha salamu, kwa sababu anayejua kusalimia hapigwi mara ya kwanza. Nikamfundisha kuuliza maumivu.

“Unaumwa wapi, mama?”

“Tumbo,” nikamjibu kwa sauti ya mgonjwa.

“Tangu lini?”

“Tangu serikali iingie.”

“Ntate, jibu kama mgonjwa.”

“Wagonjwa wa kwetu ndivyo wanavyojibu. Jiandae.”

Alikuwa mwepesi. Mtu, nyama, maji, vyote alivikuta karibu na Kizulu cha mtaani. “Hiki ni Kizulu kilichoharibika,” alisema. Nikamwambia Kizulu ndicho kilichoharibika, sisi tulibaki na kizuri. Mama yake alisikiliza kutoka kwenye mashine akitabasamu, kama mtu anayesikia mtoto akifanya kazi ya shule.

Sasa niseme jambo la kazi, maana hapa ndipo penyewe. Mnajua Wakongo na sare. Watu wa shughuli moja huvaa kitenge kimoja. Sare ya harusi huletwa miezi kabla, kwa sababu akina mama lazima wagombane kwanza juu ya rangi. Sare ya matanga huletwa leo, inatakiwa kesho kutwa, na hakuna anayegombana. Mama Palesa alikuwa amejifunza hilo mwaka wa kwanza. Akiona kitenge kimoja kimejaa mezani, na anayekileta anasema “Jumamosi,” alikuwa hasemi kitu. Alipunguza redio, akavuta kiti, akaanza kukata. Watu wetu walimpenda kwa hilo.

Palesa alitakiwa kuondoka Jumanne. Alhamisi kabla ya hapo Mama Furaha akapanda na mzigo wa kitenge, bluu yenye ndege weupe. Akina mama wanataka kumuaga binti wa Mama Palesa kanisani Jumapili, kumshukuru kwa kwenda kututetea. Wote sare moja. Na asiambiwe mtu, ni mshangao. Mama Palesa hakuwepo, alikuwa na mwanawe Marshalltown wakinunua vitu vya safari, na Ijumaa akabaki nyumbani kumpikia. Nikashona siku mbili. Kazi ni kazi, na kitenge kilikuwa kizuri.

Jumamosi asubuhi Mama Furaha na wenzake wawili walikuwa dukani wakijaribu magauni, mengine yametundikwa ukutani toka mlangoni hadi dirishani, Mama Palesa alipoingia. Alikuwa anaimba. Akaona ukuta, akanyamaza. Akaenda moja kwa moja kwenye redio akaipunguza, akavuta kiti chake, akavaa miwani.

“Nani amekufa?” aliuliza taratibu.

Wale wenzake wawili walimtazama Mama Furaha.

“Mama Furaha, pole. Ni nani?”

“Hakuna aliyekufa, mama,” Mama Furaha alisema. Gauni alikuwa amelivaa nusu, mkono mmoja nje. “Ni za Palesa.”

Nimeona watu wakipokea habari mbaya. Huyu hakupokea habari yoyote, mtoto wake alikuwa mzima, amelala nyumbani na tumbo limejaa. Lakini alilitazama lile gauni la kwanza, akatazama la pili, akaenda na ukuta mpaka la mwisho, kama anayesoma. Kisha akaketi.

“Zifumueni.”

“Mama, tulitaka kumheshimu.”

“Najua. Kaka zako mliwaheshimu hivihivi. Ile nyeusi na njano niliishona mimi. Wewe ulikaa hapo ulipo.”

Mama Furaha alivua gauni. Nilidhani ataondoka na hasira, maana si mtu wa kuambiwa mara mbili. Akavuta kigoda, akachukua wembe wa kufumulia, akaanza na gauni lake mwenyewe. Wenzake wakafuata. Tukafumua asubuhi ile yote, na niwaambie, akiba yangu ya vidole viwili ilifanya kitambaa kitoke salama. Mama Palesa aliliona hilo. Hakusema, nami sikumkumbusha.

“Mimi nilitaka waende,” Mama Furaha alisema, wembe bado mkononi. “Sikumfikiria mtu. Nilifikiria askari.”

Nilikuwa na jibu, nikaliacha. Si mara nyingi.

Walipoondoka Mama Palesa aliniuliza, “Unanicheka moyoni?”

“Hapana.”

“Sema unachofikiri.”

“Nchi yako inaenda mbele, Mama Palesa. Nimeiona mwenyewe. Lakini inatembea inatazama juu.”

Alikunja kitambaa, akakikunjua, akakikunja tena. “Nikimwambia asiende?”

“Atakusikiliza?”

“Hapana,” alisema. “Nilimlea aamini. Aliamini vizuri kuliko mimi.”

Jumapili akina mama walikuja kanisani kila mmoja na gauni lake, rangi zote, ukumbi ukawa kama soko. Palesa aliwasalimia kwa Kiswahili, shikamoo kwa wakubwa wote, hata kwa Mama Furaha aliyejiona kijana. Walicheka, wakalia, wakampa ubuyu na mafuta ya upako. Jumanne akaenda. Kitenge kile tulikifanya foronya za kanisa na mapazia ya chumba cha watoto.

Mama Palesa hakuacha kuipenda nchi, msielewe vibaya. Aliacha kusema “tunapeleka.” Redio ikisema “askari wetu,” yeye alisema “Palesa na wale wengine.” Lugha yake ilipungua ukubwa, na mimi nikapunguza maneno yangu ya mbuzi. Tuliweza kushona siku nzima bila siasa, jambo ambalo lilituchosha wote wawili.

Palesa alipiga simu alipoweza. Alisema kijiji kimoja waliwapigia vigelegele, cha pili waliwatupia matope, na vyote viwili walikuja kutibiwa. Alisema wagonjwa wa kwetu kweli hawajibu swali moja kwa moja. Mpwa wangu naye alituma habari kwamba barabara ya kwenda sokoni ilifunguka miezi kadhaa, watu wakauza mihogo. Naandika hilo hapa kwa sababu ni kweli, ingawa halinisaidii kwenye ubishi. Kisha zikapita wiki bila simu, na redio ikasema kuna askari waliojeruhiwa, majina hayajatolewa. Siku zile Mama Palesa alishona sketi ya shule upande wa ndani nje. Niliifumua bila kumwonyesha. Simu ilipokuja, mtandao ndio uliokuwa umekufa, si mtu.

Mwezi wa tano 2014 ukawa uchaguzi, na waomba kura wakapanda ngazi zetu. Alikuja kijana wa chama cha serikali na fulana yake. Mama Palesa alimwambia, “Binti yangu yuko Kongo. Unasemaje?” Kijana akasema, “Tunajivunia sana, mama.” Mchana akaja dada wa upinzani na fulana ya rangi nyingine, akaulizwa vilevile, akasema, “Tunajivunia sana, mama.”

“Mmoja wao angesema pole,” Mama Palesa aliniambia, “ningempa kura palepale.”

Nilidhani hatakwenda. Alikwenda mapema, akakaa kwenye foleni na kiti chake cha kukunja, akarudi dukani kidole kina wino.

“Umempa nani?”

“Siri, Ntate. Watu walipigania siri hiyo.”

Majira ya kiangazi yalipoanza kukaribia, alasiri moja, nilikuwa napiga pasi suruali karibu na mlango. Mama Palesa alikuwa anashona pazia refu la mteja wa Turffontein, mshono wa mita kadhaa. Nikasikia viatu vizito kwenye ngazi. Palesa akasimama mlangoni, mwembamba, shingo imeungua jua, begi begani. Hakuwa ametuambia anakuja. Alinitazama mimi kwanza, akaweka kidole mdomoni, akamgeukia mama yake.

Mama Palesa aliinua kichwa. Mikono yake iliachia pazia, lakini mguu ulibaki umekanyaga pedali ya umeme. Pazia likafika mwisho likaanguka chini, na mashine ikaendelea kushona mahali pasipo na kitambaa, kasi ileile, uzi ukajisokota chini ya sindano, naye anamwangalia mtoto wake tu, machozi yanashuka nyuma ya miwani.

“Mama,” Palesa alisema, “unaumwa wapi?”

Nikaweka pasi, nikainama chini ya meza, nikamshika kifundo cha mguu kwa heshima zote.

“Mama Palesa,” nikamwambia, “toa mguu. Amefika.”

Akautoa. Walipokuwa wameshikana pale mlangoni mimi nilifungua mashine. Uzi ulikuwa umejifunga kwenye bobini kama kiota, fundo juu ya fundo, ilibidi niutoe kwa koleo, kipande kwa kipande, mpaka taa za barabarani zikawaka. Ni kazi ya kuudhi kuliko zote dukani, na sijawahi kuifanya kwa raha namna ile.